Gofu la Mkononi

Mchezaji mmoja, sijui wa nchi gani, aliandika hivi: "Gemu tamu sana, ila upepo wa shimo la kumi na tatu unakera. Mpira ukikaribia bendera unarudishwa kama mgeni ambaye hakualikwa. Punguzeni kidogo." Halafu, nadhani, akaenda kunywa chai.

Sisi tulikuwa tunaishi ndani ya hilo shimo la kumi na tatu.

Feni kuu ilishusha sauti. Ilitoka kwenye mngurumo ikaingia kwenye mluzi, na kutoka kwenye mluzi ikaingia kwenye kikohozi. Ngazi nzima ya chini ikanyamaza. Aliyekuwa anapiga nyundo aliishikilia hewani. Mama yangu, Holo, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akimenya viazi, aliinua uso, akalitazama tundu la hewa, akasema, "Wameshaandika huko."

"Pumua polepole, mayu," nikamwambia mama.

"Napumua polepole tangu juzi. Kuna polepole nyingine chini ya hii?"

Kifua chake kilikuwa kinapanda upande mmoja, kinashuka upande mwingine, kama watu wawili wanaogombea blanketi.

Kwenye ujia nikasikia milango inagongwa na sauti ya Shigela, mwenyekiti wetu: "Vigemu nje! Kila kaya iandike! Kila kaya!" Nikachomoa changu ukutani. Kilikuwa kidude cha kijivu kinachoenea kiganjani, kina kioo, vitufe vinne na mkono mdogo wa kuzungusha ili kipate moto. Kampuni ilimpa kila mwenyeji kimoja, bure. Nina kumbukumbu mbaya ya vitu vya bure. Sijawahi kuona kingine kilichotugharimu zaidi.

Niliandika: HATARI. UPEPO WA SHIMO LA 13 NI HATARI.

Kwenye kioo bendera ya kijani ikapepea. Sauti ya mwanamke, tamu kama ya mtu anayekuuzia marashi, ikasema, "Asante, mwenyeji! Umeufurahia upepo mpya. Nyota tano!"

Feni ikashuka tena.

*

Kwa asiyejua, na wasiojua ni wengi kwa sababu ndivyo ilivyopangwa, mambo yalikuwa hivi.

Juu ya vichwa vyetu ardhi ilikuwa imeungua. Jua lilipokuwa halivumiliki, watu walishuka kuishi katika mashimo ya dhahabu yaliyoachwa na wachimbaji. Yalikuwa kumi na nane, na kila moja lilikuwa na feni yake ya kuvuta hewa chini; hewa iliyokwisha kutumika ilitokea kwenye mdomo wa shimo, kule juu, kama pumzi ya ng'ombe aliyelala. Feni zilikuwa zimezeeka. Ndipo Kampuni ikaja na mkataba: itazihudumia feni zote, na sisi tutairuhusu ipime upepo unaotoka kwenye midomo ya mashimo. Basi.

Mkataba ulisomwa mkutanoni. "Mashimo kumi na nane," akasoma yule bwana. Tukapiga makofi, maana tuliyajua mashimo yetu, tuliyahesabu, hayakupungua wala kuzidi. Hakuna aliyefungua mdomo kutuambia kwamba na uwanja wa gofu una mashimo kumi na nane. Wakauchora uwanja wao juu ya picha ya ardhi yetu. Wakaotesha majani ya rangi pale ambapo hata mwiba ulishakata tamaa. Kwenye mdomo wa kila shimo wakasimamisha bendera, na mtu aliyeketi sebuleni kwake ng'ambo ya dunia akawa anapiga mpira kuelekea pumzi zetu. Mama alipoambiwa jina la mchezo aliuliza, "Gofu? Si nyumba iliyokufa hiyo?" Watu wakacheka. Mimi bado nacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Wachezaji walikuwa wameuziwa ukweli. Ndiyo ilikuwa sifa ya gofu hiyo ya mkononi: upepo wake si wa kubuni, unatoka mahali, unatoka kwa watu. Kwa hiyo mkataba ulikuwa na kifungu kimoja kifupi: Pande mbili zisipishane. Kilichomo mkononi na kilichopo ardhini viwe kimoja. Mashine inayoitwa Mlinganishi iliwekwa kulinda kifungu hicho, nayo ilikuwa inayasoma maoni yote ya wachezaji. Wakisema mchanga unanata, inabadilisha mchanga. Wakisema bendera haionekani, inabadilisha rangi. Na wakisema upepo unakera, inapunguza upepo mkononi, halafu, kwa uaminifu mkubwa, inashuka kupunguza feni, ili pande mbili zisipishane.

Maoni yenyewe tuliyaona, yalikuwa yanapita kwenye kioo mfululizo kama wapita njia. "Nacheza nikiwa chooni, mke wangu anagonga mlango." "Fimbo ya chuma haina nguvu, rekebisheni." "Betri inakwisha upesi." "Mimi ni daktari, gemu hii inanituliza kabla ya upasuaji." Watu wazuri tu. Sikuwahi kuona mmoja aliyetutakia mabaya. Laiti wangekuwa wabaya. Mbaya ukimpigia kelele anageuka.

Silaha yetu ilikuwa moja. Maoni ya mwenyeji yalipewa uzito wa maoni ya wageni hamsini. Kampuni ilijivunia jambo hilo, ikaliandika kwenye mabango: Mwenyeji ndiye mwamuzi. Na nyota hukuzichagua mwenyewe; ulisema neno lako, na Mlinganishi alipima joto la neno akakuandikia nyota. Ukilisifu badiliko, badiliko linaendelea. Ukililaumu, linarudi nyuma.

Ndiyo, tungeweza kulaumu. Tatizo lilikuwa maneno.

*

Tulikusanyika kwenye chumba kipana cha zamani cha kusagia mawe, wote tulioweza kusimama. Nkwabi, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeshika kigemu, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo wake mwepesi zaidi.

"Andika 'mbaya'," Shigela akaamuru.

Nkwabi akaandika. Sauti tamu ikasema, "Asante! Mbaya mbovu! Nyota tano!"

"Andika 'tunakufa'."

"Asante, mwenyeji! Umekufa kwa raha!"

"Balaa. Andika 'balaa'."

"Nyota tano, mwenyekiti. 'Noma' nayo tano. 'Inaua' tano na kengele juu."

"Jamani, andika kwamba inakata pumzi! Hilo nalo litakuwa sifa?"

Nkwabi akaandika, akasubiri, akasoma: "'Asante. Msisimko wa kukata pumzi.'" Akainua kichwa. "Mwenyekiti, huyu Mlinganishi nimwite mchawi?"

"Mwite!"

"Nimemwita. Anashukuru. Anasema yeye ni mchawi wa burudani."

Tukacheka. Kicheko kilipita chumbani mara moja, kisha kikageuka kikohozi, na watu wakashika magoti yao. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kucheka ni anasa.

Shigela akajaribu adabu. "Tunaomba mtuongezee hewa." Jibu: "Maoni yamepokelewa. Joto: sifuri." Neno lisilo na joto halikuhesabiwa. Nkwabi akajaribu tusi, tusi halisi la kiwandani. Kigemu kikazimika na hakikuwaka tena. Nikajaribu Kisukuma cha mama yangu kwenye kigemu changu. "Lugha haijatambuliwa." Mtu akasema basi tunyamaze wote, tusiandike kabisa, na Shigela akamkumbusha kwamba mkataba unasema kunyamaza ni kukubali. Mwingine akasema tuvunje kipimo cha upepo. Shimo la kumi na sita walivunja kipimo, na feni isiyo na kipimo husimama. Malimi na mkewe Minza, waliokufa humo, nilicheza nao utotoni. Sitaki mtu aniambie niwasahau, na sitawasahau.

Ajabu ni kwamba hakuna mtu wa nje aliyeifundisha mashine maneno hayo. Ni sisi. Vigemu vilipokuja, vijana wetu waliupenda mchezo kweli. Waliandika kwa furaha yao yote: hatari, noma, balaa, hii gemu mbaya, nimekufa! Kiswahili kimekuwa hivyo tangu zamani: tukikipenda kitu tunakiita kwa jina la kinachotuua. Ukimsikia mtu barabarani akipiga kelele "hatari!", lazima ugeuke umtazame usoni kwanza, ujue kama ukimbie au ucheke. Mlinganishi hakuwa na macho ya kutazama uso. Alichukua furaha yetu, akaipanga, akaifunga. Na sasa tulihitaji neno moja tu la kusema tunakufa, moja, na yote yalikuwa yameshavaa nguo za sherehe.

"Lugembe," nikasema.

"Huyo msaliti?" Nkwabi akauliza.

"Ndiye mwenye kamusi ya Mlinganishi."

*

Lugembe alizaliwa shimo la nne. Kampuni ilimchukua, ikampa kibanda chenye ubaridi karibu na mdomo wa shimo kuu, na cheo cha Mpima Maneno. Nilipoingia nilivuta hewa kwa pupa mpaka nikaona haya. Yeye alinisogezea kiti.

"Karibu, dada Milembe."

"Umeota shingo, Lugembe. Huku hewa inalisha."

"Najua ulichokuja kusema."

"Kama unajua, kwa nini nimepanda ngazi zote zile?"

Akainamisha kichwa. Sikumwonea huruma, nimewaona wengi wakiinamisha kichwa na mshahara ukabaki pale pale. "Nimewaandikia wakubwa mara tatu," akasema. "Nikawaambia 'hatari' ya shimo la kumi na tatu si sifa."

"Wakasemaje?"

"Wakaniambia niandike maoni."

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Basi geuza mwenyewe," nikasema. "Si wewe mpima? Hatari iwe hatari."

"Naweza." Aliligusa neno kwenye kioo kikubwa, likang'aa. "Nina ruhusa ya kugeuza uzito wa neno moja kabla mtu hajauliza. Ila neno lina uzito mmoja, dada. Hakuna hatari ya shimo la kumi na tatu na hatari ya kwingine. Kamusi ni moja kwa Kiswahili kizima."

"Nzuri. Kizima kipone."

"Sikiliza kwanza." Akavuta picha nyingine. "Hawa ni Nyakagwe."

Nyakagwe ninaijua. Ni ng'ambo ya kilima, mashimo mengine, uwanja mwingine mdogo wa kujifunzia. Kwao upepo unatoka nyuma ya mchezaji, unausukuma mpira kwenye bendera, na kila mtu anaupenda. Feni zao zinavuma kama siku ya harusi.

"Watoto wao wanaandika nini kuhusu upepo?" Lugembe akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. Niliona tu mistari inapita: Upepo hatari! Upepo hatariii! Hatari sana huu upepo, oyaa! Mistari haikuwa na mwisho, miaka ya furaha ya watoto.

"Nikigeuza neno," akasema, "Mlinganishi anarudi kuyapima maoni yote upya, ya zamani na ya sasa. Hasahau. Ninyi mtakuwa mmelaumu, feni yenu itapanda. Wao watakuwa wamelaumu upepo wao tangu siku ya kwanza. Feni yao itashuka palepale, yote, kwa mkupuo."

"Halafu?"

"Halafu na wao watakuwa na neno la kulalamikia. Wataandika hatari, na safari hii litasikika. Lakini malalamiko mapya lazima yazidi uzito wa zile sifa za zamani. Sijui itachukua muda gani. Nakuapia, sijui."

"Na watu wa kule watavumilia?"

"Hilo nalo sijui." Akatoa kidole chake kwenye kioo, akanitazama kwa macho ya mtoto anayetaka mtu mzima ashike kisu. "Wewe sema tu, dada. Ukisema, nabonyeza."

Ee, nilimchukia wakati ule. Nilikuwa na mama yangu kwenye mizani upande huu, na kule upande wa pili kuna mama za watu. Na niseme ukweli: kilichonijia kwanza kinywani kilikuwa bonyeza. Nilikiuma. Si kwa wema. Ni kwamba nilikumbuka yule bwana wa mkataba, alivyosoma "mashimo kumi na nane" na kutuacha tupige makofi. Alikuwa anajua, na hakutuuliza tunachokijua sisi. Ningebonyeza pale, ningekuwa nimekaa kwenye kiti chake.

"Nipigie Nyakagwe," nikasema.

"Kwa nini? Watakataa."

"Wakikataa nitakuwa nimekataliwa na watu. Nimechoka kukubaliwa na mashine."

*

Aliyepokea simu ya waya alikuwa mwanamke, sauti nzito, nyuma yake feni inavuma mpaka nikaionea wivu.

"Nyanjige hapa, mwakilishi wa Nyakagwe. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikamweleza yote bila kupunguza. Sikulia na sikumwambia habari za mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka nikugawie pumzi za wajukuu zangu."

"Ndiyo, mama."

"Angalau husemi 'hapana, sivyo'."

"Sina cha kukufichia."

"Na hilo neno likishageuka, litakuwa letu wote? Siku wageni wakiuchoka upepo wetu, tutaweza kusema hatari na mashine ikasikia hatari?"

"Ndiyo."

"Leo hatuwezi?"

"Jaribuni mwone. Mtaambiwa asante."

Nikasikia anaziba simu kwa kiganja, watu wanapaza sauti, mwanamume mmoja anasema waache wafe wao, kwani ni zamu yetu? Nikamsikia mwingine akisema, leo wao kesho sisi. Mabishano yakawa marefu. Lugembe alikuwa anatafuna ncha ya ukosi wake.

Nyanjige akarudi. "Tunawapandisha watoto na wanawake wenye mimba karibu na mdomo wa shimo. Wazima watabaki chini kuandika. Tumekubali, kwa sharti moja."

"Lolote."

"Usiseme lolote, hujalisikia. Wewe mwenyewe uje. Uwe chini, ngazi ya mwisho, neno linapogeuka. Pumzi utakayotupunguzia, uivute na wewe. Mtu anayeomba damu hasimami mbali na kisu."

"Nikifika?"

"Ukifika mimi ndiye nitakayempigia huyo kijana wako abonyeze. Usipofika, hakuna neno."

*

Nilishuka kumuaga mama. Alikuwa amelala sasa, mdomo wazi, viazi viko vilevile, nusu na maganda nusu bila. Nikamweleza harakaharaka huku nikifunga kamba za viatu, maana njia ya Nyakagwe ni handaki la zamani la toroli na mawe yake yanakata.

"Watoto wa watu," akasema.

"Wamewapandisha juu, mayu."

"Sijaomba mtoto wa mtu akohoe kwa ajili yangu."

"Wamekubali wenyewe. Niliwauliza."

"Uliwauliza wao." Akavuta hewa, akasubiri ifike. "Na mimi je? Umeniuliza?"

Mikono yangu ikasimama kwenye kamba.

"Nakuuliza sasa, mayu."

"Sasa umeshavaa viatu."

Nilitamani anitukane, angekuwa amenipa ruhusa ya kukasirika. Badala yake aligeuza uso ukutani. Nikamwita. Hakujibu. Kule kwetu mkataba ulisema kunyamaza ni kukubali, na mimi nimepiga vita kifungu kile mikutano yote. Nikasimama pale na kunyamaza kwa mama yangu mkononi, nikajua nitakachokifanya nacho, nikakifanya. Niliondoka.

*

Handaki lilikuwa na joto kama tumbo. Nilitembea nimeinama, nikipapasa reli kwa unyayo, na kadiri nilivyosogea ndivyo upepo wa Nyakagwe ulivyonipiga usoni, mbichi, mwingi, unanukia udongo uliolowa. Nilikuwa nimesahau kwamba hewa ina ladha. Nilijilaumu kwa kila pumzi, na nilizivuta zote.

Walikuwa wananisubiri ngazi ya mwisho, labda watu mia, wameketi sakafuni na vigemu mapajani. Hakuna aliyenipa mkono. Mzee mmoja mwenye upara akauliza, "Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema Nyanjige. Alikuwa mfupi, mnene, amefunga kitenge kifuani kama anayekwenda kupigana. 

"Mdogo kuliko shida yake."

"Shida zote ni kubwa kuliko mwenyewe, baba Ngassa. Mpishe akae."

Nikakaa. Nyanjige akainua simu ya ukutani, akanitazama mara moja, akasema, "Amefika. Geuza."

Kwa muda hakuna kilichotokea, na nikaingiwa na tumaini la kijinga kwamba hakitatokea. Kisha feni yao, ile ya siku ya harusi, ikakatika sauti. Haikushuka kidogo kidogo kama yetu. Ilianguka. Nywele zilizokuwa zinapeperuka kwenye paji la uso la msichana aliyekuwa mbele yangu zikalala chini.

"Andikeni!" Nyanjige akasema.

Vidole mia. Vitufe vikalia kama mvua ya mawe. Na kutoka kwenye kila kigemu ile sauti tamu, sauti ya marashi, ikasema kitu ambacho sijawahi kukisikia ikikisema:

"Pole, mwenyeji. Lalamiko lako limepokelewa."

Mtu akapiga kigelegele. Baba Ngassa akakishika kigemu chake kwa mikono miwili, akakiangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Kimesikia." Lakini feni haikupanda. Furaha ya watoto wao ilikuwa nzito; miaka yote ya hatariii ilikuwa imekaa juu yetu kama kifusi, nasi tunakichota kwa vijiko. Wakaandika tena. Pole. Wakaandika tena. Pole, pole, pole, chumba kizima kikawa msiba.

Hewa ilianza kuwa nene. Ninaijua ile hali. Nilikuwa nimekaa nayo nyumbani. Wao hawakuwa wameizoea. Niliona hofu inapita safu kwa safu, kijana mmoja anavuta kola ya shati, mama mmoja anaanza kupumua kwa mdomo. "Msivute kwa nguvu," nikawaambia. "Mkivuta kwa nguvu kifua kinadanganyika. Polepole."

"Usitufundishe," akafoka yule aliyevuta kola.

"Mwache afundishe," akasema Nyanjige. "Ndicho alichokuja nacho."

Simu ikalia. Akaipokea, akasikiliza, akaitundika. Akaja mpaka nilipokuwa, akachuchumaa. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Kijana wako anasema feni ya shimo la kumi na tatu imepanda. Iko juu kuliko ilivyokuwa mwaka jana wote."

Nikanyoosha mkono. "Nipe kigemu. Niwasaidie kuandika."

"Hapa wewe ni mgeni. Neno lako ni sehemu moja ya hamsini ya letu. Utakichosha kidole chako bure."

"Basi nifanye nini?"

Aliniangalia usoni kwa muda, jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake barabarani kabla hajaamua kama akimbie au acheke.

"Mama yako anaitwa nani?"

Sikuwa nimemtajia mama; lazima Lugembe alimwambia kwenye simu. "Holo."

"Saa hii anapumua?"

"Anapumua."

"Basi kaa upumue na sisi," akasema, akarudi mahali pake kuandika.